Nilienda Thailand Kutafuta Pesa, Nikapata Jumamosi

Wengi wenu mlianza kunifuata kwa sababu ya picha moja. Nimevaa shati la bluu, nimekaa juu ya jiwe, nyuma yangu kuna maporomoko ya maji na msitu wa kijani hadi unadhani nimeuongezea rangi. Chini yake niliandika maneno mawili tu: "Jumamosi tena." Hiyo picha ilipata mioyo mingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Na hadi leo, karibu kila siku, kuna mtu ananiandikia inboksi: "Mwalimu, niaje, niunganishe na mimi niende huko nikafunze Kiingereza. Hapa Nax nimechoka."

Leo nataka kuongea kuhusu hiyo picha. Kuna mahali hapa katikati mtakasirika, lakini someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kunitusi.

Hayo maporomoko yanaitwa Haew Suwat. Yako ndani ya hifadhi ya Khao Yai, ambayo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Thailand, ilianzishwa 1962. Kama umeona ile filamu ya Leonardo DiCaprio ya mwaka 2000, The Beach, pale wanaporuka kutoka juu ya maji, basi ndipo hapo. Urefu wake ni kama mita 20. Sasa sikiza. Thomson's Falls pale Nyahururu ni mita 74. Yaani karibu mara nne. Na Nyahururu si mbali: unapanda matatu hapa town, unapita Subukia, unafika hata kabla betri ya simu haijaisha. Mimi nimezaliwa Nakuru, nimesoma Nakuru, nimemaliza ualimu Egerton pale Njoro, na nilifika miaka 27 kabla sijaona Thomson's kwa macho yangu. Maporomoko yangu ya kwanza maishani niliyaona Asia.

Najua sentensi inayofuata mnayoitarajia. "Vijana wetu hawathamini vya kwao, tembea Kenya kwanza." La. Hiyo ndiyo hoja ninayoipinga, na nimeipinga tangu nirudi.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Kabla sijaenda nilikuwa mwalimu wa BOM katika shule moja ya bweni upande wa Molo. Ambao hamjui, mwalimu wa BOM ni yule ameajiriwa na halmashauri ya shule, si TSC, kwa hivyo mshahara unategemea karo imeingia kiasi gani na mwalimu mkuu ameamkaje. Wangu ulikuwa shilingi elfu kumi na mbili. Kuna mwezi ulikuja tarehe tano, kuna mwezi ulikuja tarehe ishirini na tatu, kuna mwezi mmoja ulikuja nusu ukiwa na maelezo marefu. Lakini pesa nilikuwa nimeizoea, kwetu hatukuzaliwa matajiri. Kilichonimaliza ni Jumamosi.

Jumamosi tulifunza kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba. Masomo ya ziada, lakini ziada yenyewe ni lazima. Ukitoka hapo kuna vitabu vya kusahihisha, insha arubaini na tano za kidato cha tatu, kila moja inaanza na mvua kunyesha. Jumapili kama uko zamu unalala shuleni. Kama hauko zamu unafua nguo, unaenda kanisani, unalala mchana kama mgonjwa, jioni unapanga masomo ya Jumatatu. Mwaka 2021 ndio ulikuwa mbaya zaidi. Mnakumbuka vile kalenda ilibanwa baada ya korona, muhula juu ya muhula, likizo ya wiki moja. Mwaka huo huo mjomba wangu alizikwa Jumamosi, kilomita chache tu kutoka shuleni. Niliomba ruhusa. Nikaambiwa niende lakini nirudi kabla ya kipindi cha saa nne. Mazishi gani huisha kabla ya saa nne? Sikuenda. Nilikaa darasani nikifunza vihusishi vya Kiingereza, na mwili wa mjomba ulipitishwa kwenye barabara ileile inayopita mbele ya geti letu.

Kwa hivyo nilipoona tangazo la kazi Thailand mwaka 2022, sikufikiria mara mbili.

Na hapa niwajibu nyinyi wa inboksi wote kwa pamoja, kwa sababu nimechoka kuandika jambo lilelile. Kufunza Kiingereza nje si suala la Kiingereza. Ni suala la pasipoti. Korea Kusini, ile viza yao ya walimu wa Kiingereza hupewa watu wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. China nao wanapenda orodha inayofanana na hiyo. Haijalishi kwamba wewe umefunzwa kila somo kwa Kiingereza tangu darasa la nne, kwamba ulipigwa kwa kuongea Kikuyu au Kiswahili shuleni ukavishwa ile monto, kwamba bunge letu na korti zetu zinaandika karibu kila kitu kwa Kiingereza. Kwao wewe si mwenye lugha. Thailand wanakubali watu wetu, lakini nililetewa mtihani wa TOEIC nithibitishe kwamba naelewa Kiingereza. Mimi, niliye na digrii ya kukifunza. Niliufanya, nikalipia, nikapita. Kisha kazini meza ya jirani alikuwa jamaa mpole sana wa Afrika Kusini, amesomea mambo ya masoko, hajawahi kufunza hata siku moja. Yeye alilipwa baht elfu thelathini na tano. Mimi, elfu ishirini na mbili. Kazi moja, chaki moja.

Yule jamaa hana makosa, na hata alikuwa akininunulia chakula. Nasema tu mjue mnaingia kwenye mlango wa upande.

Na tafadhali: ukiambiwa utangulize pesa nyingi kwa ajenti, au uende na viza ya utalii "halafu tutabadilisha ukifika", kimbia. Kufanya kazi na viza ya utalii ni kosa huko, na ukishikwa, huyo ajenti hatapokea simu yako. Ubalozi wa Thailand uko Nairobi. Uliza pale.

Sasa tuongee maisha yenyewe. Nilipangiwa mji wa Nakhon Ratchasima, watu wanauita Korat, kama kilomita 260 kutoka Bangkok. Rafiki zangu walicheka: umetoka Nakuru ukaenda Nakhon, umebadilisha herufi mbili tatu tu. Na kusema kweli kuna siku nilisahau niko wapi. Kuna magari yao yanaitwa songthaew, ni pikapu yenye viti viwili virefu vinavyotazamana nyuma, watu wananing'inia mlangoni, dereva anasimama popote. Unaona? Wali wao wa kule upande wa Isan unanata, unaukata kwa vidole, unaufinyanga, unachovya kwenye mchuzi. Siku ya kwanza walimu walishangaa nimejua vipi. Niliwaambia mimi nimekula ugali maisha yangu yote, mkono wangu una digrii.

Saa mbili kasoro asubuhi unasimama getini, watoto wanapita wakiunganisha viganja na kuinama kidogo. Saa mbili kamili wimbo wa taifa, bendera inapanda, kila mtu anasimama hapo alipo. Madarasa yangu yalikuwa na watoto zaidi ya arubaini, na viatu tuliviacha mlangoni, kwa hivyo mwalimu mwenye soksi iliyotoboka hana pa kujificha. Walimu wenzangu waliniita Khru, yaani mwalimu, na mimi waliokuwa wakubwa kwangu niliwaita phi, kama vile hapa ungemwita mtu dada au kaka mkubwa hata kama hamjatoka tumbo moja. Hilo lilinipunguzia upweke kuliko kitu kingine chochote. Jina la heshima ni kama kuwekewa kiti.

Si kwamba kila kitu kilikuwa asali. Kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa kuimba na kucheza mbele ya watoto ili wazazi waone shule ina mgeni. Kuna siku niliwekwa kwenye picha za matangazo, na kuna siku mzazi aliuliza kwa upole kama hawana mwalimu mweupe. Kila siku tisini unaripoti uhamiaji kuwaambia bado unaishi pale unapoishi.

Lakini Ijumaa! Ijumaa saa kumi na nusu unaweka kidole kwenye ile mashine ya kusajili, inalia, na kuanzia hapo hadi Jumatatu hakuna mtu aliye na haki juu yako. Mwezi wa kwanza sikujua la kufanya. Jumamosi ya kwanza niliamka saa kumi na moja, nikavaa, nikakaa kitandani kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuna aliyepiga. Nikafua nguo. Nikamaliza. Ilikuwa saa tatu asubuhi na siku nzima ilikuwa bado imelala mbele yangu kama mbwa.

Hapo ndipo nilianza kutoka. Basi la bei nafuu, soko la usiku, hekalu, maporomoko. Mshahara ulikuja tarehe ileile kila mwezi, kwa hivyo uliweza kupanga. Elfu ishirini na mbili za baht wakati huo ni karibu elfu themanini za Kenya. Nikituma nyumbani, nikilipa chumba, bado kulibaki nauli ya Jumamosi. Si pesa nyingi hiyo. Ni pesa inayokuja siku iliyosemwa, na siku moja ambayo ni yako. Video zote mlizoziona zilitengenezwa na vitu hivyo viwili.

Kuna kipindi kimoja sitakisahau. Tulikuwa na mada ya "mji wangu wa nyumbani". Watoto wa darasa la tisa hivi. Mmoja anaeleza sanamu ya Thao Suranari, yule mama shujaa wa Korat, pale katikati ya mji. Mwingine anaeleza Khao Yai, tembo, nyani wa barabarani. Wote walikuwa wamefika, wengi na wazazi wao, Jumapili, kwenye pikapu. Halafu msichana mmoja wa mbele akasema, "Teacha, zamu yako."

Nikachora mlima. Nikawaambia mji wangu uko chini ya mlima ambao kwa kweli ni volkano, unaitwa Menengai, na juu yake kuna shimo kubwa sana, upana wake kama kilomita kumi na mbili. Nikawaambia upande wa pili wa mji kuna ziwa la flamingo. Nikawaonyesha picha niliyotoa kwenye intaneti. Walipiga kelele, ndege wa rangi ya waridi! Msichana akauliza, "Teacha, juu ya mlima kuna nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimeuona ule mlima kila asubuhi ya maisha yangu nikipiga mswaki, na sikujua. Flamingo nilikuwa nimewaona mara moja, darasa la tano, safari ya shule, kwa mbali, kupitia dirisha la basi. Na siku hizi wengi wao walishahamia Bogoria na kwingine tangu maji ya Ziwa Nakuru yapande miaka ile ya 2010 na kuendelea. Nilijibu kwamba juu kuna upepo. Darasa zima likacheka, kengele ikalia.

Sasa ile picha.

Shosho yangu aliishi upande wa Kabatini, miguuni pa Menengai, na ndiye aliyenilea mama alipokuwa akiuza mitumba sokoni. Yeye alikuwa mmoja wa wale wanaouita mlima ule Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Alisema watu waliopanda na makosa hawakurudi, na kuna ukungu unaokushika mkono. Hakuwahi kupanda hata siku moja. Alifariki usiku wa Jumatano nikiwa Korat, na mazishi yakapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Tikiti ilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Karatasi zangu za kibali cha kazi zilikuwa katikati ya kushughulikiwa, na ukitoka bila kuchukua ruhusa ya kurudi, viza inakufa. Nilipiga hesabu usiku kucha. Sikuweza.

Asubuhi ya ile Jumamosi mwalimu mwenzangu wa hesabu, phi niliyemzoea zaidi, alikuja na pikapu yake hadi mlangoni. Hakusema mengi. Alisema hakai mtu peke yake siku kama hiyo, panda gari. Akanipeleka Khao Yai kwa sababu alijua napenda maji. Yeye alilipa baht arubaini getini, mimi mgeni nikalipa mia nne. Pale mawe yalipo alinipiga picha. Saa tisa alasiri ya Thailand ni saa tano asubuhi ya Nakuru. Nikafungua simu kutazama mazishi moja kwa moja kutoka kwa simu ya binamu yangu. Mtandao wa msituni ni wa kubahatisha. Nilimwona mama amevaa leso nyeupe. Nilisikia mwanzo wa wasifu, "alizaliwa mwaka wa", halafu picha ikaganda, ikabaki hivyo.

Jioni saa kumi na mbili niliposti. Nakuru ilikuwa saa nane mchana, watu wako kwenye foleni ya chakula cha mazishi, na mimi naandika "Jumamosi tena". Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa na ratiba ya kuposti. Kwa sababu sikutaka mtu aniulize. Kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Chini yake mtu aliandika, "Wee unaishi maisha, sisi tunaishi Pipeline." Nilimwekea kicheko. Huyo mtu, kama bado uko hapa, samahani.

Nimekaa na hiyo siku sana. Mjomba wangu alizikwa kilomita chache kutoka nilipo na nilikosa. Shosho alizikwa ng'ambo ya bahari na nilikosa. Lakini ya shosho, angalau kuna mtu aliyekuwa na Jumamosi ya kunipa. Mwalimu kama mimi, mshahara wake si mkubwa, alikuwa na siku nzima mkononi na alichagua kuitumia kwangu. Kule Molo, walimu wenzangu walinipenda pia, najua. Ila hakuna hata mmoja aliyekuwa na siku ya kutoa.

Kwa hivyo ninapoona matangazo ya tembea Kenya, twiga anatembea polepole, muziki unapanda, halafu watu wanatulaumu ati sisi vijana wa Nakuru tunajua Dubai kuliko Bogoria, nauliza: tutembee lini? Geti la hifadhi ya Ziwa Nakuru liko hapa tu, ukingoni mwa mji. Nyani wanaruka ua wanaingia mitaani kula takataka zetu, wanatoka bila kulipa, lakini sisi kuingia kwao ni hesabu. Kwa miaka mingi kiingilio cha mwananchi kilikuwa shilingi 860, na mwaka 2025 ikatangazwa bei mpya ya juu zaidi. Juu ya hiyo huruhusiwi kutembea kwa miguu humo ndani, kwa hivyo lazima gari. Lakini hata kiingilio kingekuwa bure, msichana anayeuza duka la M-Pesa pale Kenyatta Avenue anafungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku, siku zote saba. Bawabu wa Milimani anakesha saa kumi na mbili, halafu anabadilishana na mwenzake. Wale walimu wa JSS waliokuwa mafunzoni kwa shilingi elfu ishirini kabla ya makato, hadi wakaingia barabarani Mei 2024, ungewaambia watembee na nini?

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku moja. Na hata hiyo moja tunaiomba kama mkopo. Halafu ukiichukua kuna mkubwa atakuuliza kama una kazi nyingine. Tumefundishwa kwamba kijana anayehustle halali, na anayelala ni mvivu, na anayeenda kutazama maji yakianguka ni mtoto wa tajiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwashangaa wale wazungu wanaokuja kujitolea kufunza Kiingereza katika shule za hapa. Jumatatu hadi Ijumaa wako darasani Kaptembwo au Rhonda, Jumamosi unawaona stejini na mikoba mgongoni wanaulizia gari za Naivasha, wakaendeshe baiskeli Hell's Gate. Tulikuwa tukisema wamekuja kutalii, kufunza ni kisingizio. Nikaenda Korat nikawa mimi ndiye huyo, mgeni mwenye mkoba anayefunza Kiingereza. Na niligundua kitu cha aibu kidogo: sikuwa nawachukia kwa kutalii. Niliwaonea wivu ile Ijumaa jioni yao.

Kuna atakayesema, "Rahisi kwako, ulienda ukarudi na akiba." Kweli. Sitabishana. Akiba yenyewe ilinunua kamera na kulipa deni la hospitali, ikaisha. Na sitamwambia mtu asiende. Kama una karatasi zako sawa na moyo wako uko tayari kulipwa chini ya jirani yako, nenda, utajifunza mengi na utatuma kitu nyumbani. Ninachokataa ni ile hadithi kwamba uzuri uko kule na uchovu uko huku, kana kwamba ni hali ya hewa. Uzuri niliouona kule ulipangwa na watu. Kuna mtu aliamua mashine ilie saa kumi na nusu. Kuna mtu aliamua mshahara uje tarehe fulani. Huku pia kuna mtu ameamua, na ana ofisi, na mara nyingi yeye mwenyewe Jumamosi yuko Kikopey anakula nyama choma na familia yake.

Niliporudi Machi 2024 nilipewa kazi tena, shule nyingine, ya kutwa. Kwenye mahojiano niliuliza swali moja: Jumamosi mnafunza? Walitazamana. Mmoja akasema, "Mwalimu, wewe unatafuta kazi ama unatafuta nafasi ya kupumzika?" Nilisema vyote viwili. Sikuitwa tena. Ya tatu ndiyo ilinikubali, siku tano, pesa kidogo kuliko ile ya pili ingenilipa. Mama alinyamaza siku mbili, halafu akasema angalau sasa nitamsaidia kubeba marobota Jumamosi. Tumekubaliana Jumamosi moja yake, moja yangu.

Ya kwanza kabisa iliyokuwa yangu nilipanda Menengai. Nilienda na binamu yangu, yule wa simu ya mazishi, na rafiki zake wawili, kwa sababu si mahali pa kutembea ukiwa peke yako, watu wameporwa huko. Tulipanda nduthi hadi juu, tukalipa ada ndogo getini. Kusema ukweli sikuwa nimejiandaa. Unatembea kwenye nyasi za kawaida, kuna mtu anauza asali, kuna wapenzi wanapigana picha, halafu ardhi inaisha. Chini kuna shimo lenye msitu wake na mawe yake meusi, na moshi mweupe wa mvuke pale wanapochimba umeme, na kimya ambacho hata binamu yangu, ambaye hajawahi kunyamaza, alikiheshimu. Mapangoni kuna watu huenda kufunga na kuomba. Mizimu na maombi, mlima mmoja. Nilitamani sana kumwambia shosho kwamba ukungu haushiki mkono. Unapita tu usoni, ni baridi.

Tulikula mayai na soseji za kibandani, tukarudi. Kila mtu alitumia chini ya shilingi elfu moja. Wiki mbili baadaye ikawa ya mama, marobota. Iliyofuata Thomson's, mita sabini na nne, na nikalowa hadi mfukoni.

Video ya Menengai nilimtumia phi kule Korat, nikamwomba awaonyeshe wale watoto, hasa yule msichana wa mbele, na awaambie nimepata jibu la swali lao. Alijibu kesho yake. Alisema wameitazama mara tatu, wamependa sana, na wanauliza kama huko juu kuna 7-Eleven.